Filimbi ya Nyavu

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, na Marretje alikuwa amefungua dirisha.

Hapakuwa na jipya hapo. Kila ukungu uliposhuka juu ya Kolhoek, kijiji chao cha wavuvi, Marretje alifungua dirisha la jikoni, lile linalotazama baharini, akavuta kiti, akakaa na bakuli la viazi mapajani. Nyumba ikawa baridi kama ghala la barafu. Hessel, mumewe, akalalamika. Waliishi hivyo tangu wakiwa vijana, na sasa wote wawili walikuwa na mvi na magoti mabovu.

"Funga dirisha, mama Hiltje. Tunaganda."

"Vaa soksi."

"Nimevaa."

"Vaa nyingine juu yake. Kahawa hii umepika wewe?"

"Nani mwingine yumo humu?"

"Ndiyo maana. Hata wakati wa Wajerumani tulikunywa kitu bora, na ile ilikuwa ya shayiri iliyoungua."

Hessel akacheka puani. Akavaa viatu vyake vya mbao, akatoka kwenda bandani kugeuza mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, waliokuwa wakining'inia kwenye moshi. Alisahau kiberiti. Aliporudi kukichukua, kisu kilikuwa sakafuni, na Marretje alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Kiazi kilikuwa bado mkononi, kimemenywa upande mmoja. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani.

Hessel alimwita. Alimwita tena. Kisha akakaa kwenye kiti cha pili. Dirisha hakulifunga.

Mtu akifa Kolhoek, majirani hawaitwi. Wa nyumba za kulia na wa nyumba za kushoto huja wenyewe. Wanawake huosha, wanaume huvaa kofia nyeusi na kubeba jeneza mabegani mpaka makaburini. Hata mlevi hubebwa. Hata mwizi wa nyavu hubebwa, ingawa wabebaji humsema njia nzima.

Siku ile hakuja mtu. Hiltje, binti yao, alifika kutoka shambani kwa mumewe, akamwosha mama yake peke yake, huku akilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Mapazia ya jirani yalisogea, yakarudi mahali pake.

Alasiri akaja Jelle, mzee wa kanisa. Jelle alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mwiba wa samaki akaona haya kukohoa. Alivua kofia, akabaki ameishika tumboni.

"Pole, ndugu Hessel."

"Majirani wako wapi?"

"Ndiyo nimekuja kwa hilo." Akakohoa sasa. "Unajua wiki ijayo ndugu za wale wanahewa walioanguka na ndege wakati wa vita wanakuja kutoka Uingereza. Mkuu wa jimbo atakuwepo, na bendi. Watasimama mbele ya jiwe lao la ukumbusho. Watauliza maswali."

"Waulize."

"Basi wewe sema neno moja tu. Sema yule dada wa Kiingereza, alipokuja mwaka ule, aliambiwa na marehemu 'labda'. Kwamba labda walisikia. Marehemu alikuwa msichana tu wakati wa vita, kichwa chake kilichanganya mambo. Neno moja, Hessel. Majirani wako pale kwenye kona. Kofia wameshavaa."

"Hakusema labda."

"Nani ajuaye alichosema? Mwalimu aliyetafsiri tulimzika sisi wenyewe."

"Mimi nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo. Ningekuja kufanya nini hapa?" Jelle akatazama kitanda, akaona pumzi yake mwenyewe ikitoka kama moshi. Akanyoosha mkono kwenye dirisha.

"Liache," Hessel akasema.

"Maiti imo ndani, na baridi hii—"

"Baridi haimdhuru tena. Liache hilo dirisha, kisha toka."

Jelle alitoka. Pale kwenye kona zile kofia nyeusi zilisimama kidogo, zikanong'ona, zikatawanyika kila moja kwake.

Jambo lililowatoa kwenye kona ile na kuwarudisha majumbani lilianza na filimbi.

Mabaharia wote wa pande zile walipiga pembe kwenye ukungu. Pembe ilisema: nipo hapa, usinigonge. Lakini Kolhoek walikuwa na kitu kingine, chao peke yao. Kila mashua ilikuwa na filimbi iliyofungwa kwenye mlingoti, na filimbi ilisema: nyavu zangu ziko hapa, kaa mbali. Watu wa Kolhoek waligombana kwa ajili ya nyavu zaidi kuliko kwa ajili ya wanawake. Kulikuwa na ndugu wa tumbo moja waliokaa benchi moja kanisani bila kusalimiana mpaka mmoja akafa, kwa ajili ya nyavu. Mtu aliyesikia filimbi kwenye ukungu akaendelea kusogea, huyo alikuwa mwizi, na binti zake wangezeekea nyumbani. Mtoto alijua hilo kabla ya kujua sala. Unasikia filimbi, unageuza. Ndiyo adabu.

Marretje alikuwa binti wa Lubbert. Mwaka ule wa vita kaka zake walikuwa wamejificha ili Wajerumani wasiwapeleke viwandani, na Lubbert hakuwa na mtu wa kushika usukani. Akamchukua binti yake mwenye miaka kumi na saba. Gatini wakamcheka.

"Lubbert, siku hizi unatembea na mpishi?"

"Natembea na baharia. Wewe wako ana ndevu, na bado anatapika."

Bahari yenyewe ilikuwa imeshazibwa kwa ukuta, maji yamekuwa ya baridi na matamu, na serikali ilisema ni ziwa. Kolhoek waliendelea kusema bahari. Mgeni aliyetamka ziwa aliuziwa samaki wa juzi.

Usiku mmoja wa Machi ndege ya mabomu ya Waingereza ilipita juu ya mapaa ikiwaka. Kijiji kizima kiliamka. Iliangukia mbali, upande wa mashariki, na maji yalitoa sauti moja tu, kama mlango mkubwa unaobamizwa. Watu wakasema, hao wamekwisha, wakarudi kulala.

Asubuhi palikuwa na ukungu wa kukatwa kwa kisu. Mashua zilitoka hivyo hivyo, maana njaa haikungoja hali ya hewa. Na huko nje, Marretje akiwa kwenye usukani, ikasikika filimbi.

"Baba, unasikia?"

"Nasikia. Tiemen huyo. Ana nyavu huku."

Tiemen alikuwa baba yake Jelle.

"Filimbi ya Tiemen ni nzito. Hii inalia kama kifaranga."

"Basi kanunua mpya."

"Kwa vita hii? Kainunua wapi?"

"Marretje, geuza."

"Baba, hailii kwa utaratibu. Sikiliza. Mtu wa nyavu hapulizi hivyo."

"Nimesema geuza! Unataka tuitwe wezi?"

Akageuza. Na upande wa pili wa ukungu, Tiemen naye akaisikia filimbi ile ile, akasema, Lubbert huyo, ana nyavu huku. Akageuza. Mashua nyingine zikafanya hivyo hivyo. Asubuhi nzima filimbi ilizunguka ndani ya ukungu, ikafika karibu, ikaenda mbali, na asubuhi nzima watu wa Kolhoek waliipisha kwa heshima, kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye daraja jembamba. Mchana ikanyamaza. Wakadhani mwenye nyavu amevuta zake na kwenda kula.

Siku chache baadaye mtumbwi wa mpira ulisukumwa na upepo mpaka kwenye matete chini ya kijiji. Watu watatu walikuwa wamekaa ndani, wamekumbatiana. Hawakuwa na jeraha la kuua mtu. Baridi ndiyo iliwaua. Mmoja, kijana mwenye nywele nyekundu, alikuwa na filimbi ndogo iliyofungwa kwa uzi kwenye ukosi wa koti. Filimbi ilikuwa bado katikati ya meno.

Watu walisimama kwenye matope. Tiemen aliinama, akaitazama, akainuka.

"Ipulize," Marretje akasema.

"Nyamaza, mtoto."

"Ipulize, mzee Tiemen. Tuisikie."

Lubbert akamzaba binti yake kofi mbele ya watu wote. Alikuwa hajawahi kumpiga. Hakuna aliyeipuliza filimbi. Wajerumani wakaja, wakawachukua wale watatu, wakawafukia mchangani.

Jioni wanaume walikutana kwenye banda la moshi la Tiemen, wakatoka na sentensi moja: hatukusikia kitu. Kwanza waliwaambia Wajerumani, kwa woga, na hilo linaeleweka. Kisha wakamwambia mchungaji. Kisha wakawaambia wake zao kitandani, na wake wakawaambia watoto, mpaka ikawa ndivyo ilivyokuwa. Lubbert naye aliisema mpaka siku ya kufa. Lakini filimbi ya mashua yake aliikata kwenye mlingoti, akaitupa majini, na hakutoka tena siku ya ukungu. Marretje peke yake ndiye aliyesema tulisikia. Alisema sokoni, alisema gatini, alisema mlangoni pa kanisa. Vijana wakaacha kumtembelea. Ulimi ule, nani angeuweka ndani ya nyumba yake?

Hessel aliuweka. Vita vilimkuta Ujerumani, kiwandani, alikopelekwa kwa nguvu, na alirudi mwembamba kama mpini. Siku ile ya filimbi hakuwepo. Wala hakuwapenda wale wanahewa. Mabomu yao yalikuwa yamemwangukia yeye pia, na binamu yake aliyelala kitanda cha jirani hakuamka.

"Unawalilia hao?" alimwuliza Marretje, wakiwa bado wachumba. "Hao hao ndio waliotuchoma sisi kule."

"Siwalilii. Siwajui."

"Basi unataka nini?"

"Ungekuwa wewe unapuliza ndani ya ukungu, ningetaka mtu aje. Hata mtu anayekuchukia. Aje, akutukane, akuvute."

Wakaoana kiangazi. Kanisani watu walikaa nyuma, mabenchi ya mbele yakabaki matupu, na Marretje akatembea katikati yake kichwa juu kama mwenye mali.

Miaka ikapita. Serikali ikajenga tuta jingine, ikaweka pampu, ikakausha bahari upande wa mashariki, na mahali pa samaki pakawa matope. Ndipo ndege ikaonekana. Ilikuwa imelala kwenye tope, bawa moja juu, na wenzi wa wale watatu wa mtumbwini walikuwa bado ndani. Wakatolewa, wakazikwa pamoja vizuri. Kijiji kikachanga, kikasimamisha jiwe kando ya barabara ya kwenye tuta. Jelle ndiye aliyetunga maneno. Mstari wa mwisho ulisema: Na hakuna aliyewasikia.

Mwaka uliofuata akaja mwanamke wa Kiingereza, Bi Doreen, dada wa yule mwenye nywele nyekundu. Aliambiwa jeshini kwamba kila mwanahewa alikuwa na filimbi kwenye ukosi. Mama yao alikuwa amekufa na swali moja. Hakuuliza nani aliiangusha ndege. Aliuliza kwa nini mwanawe hakupuliza filimbi. Alidhani alikata tamaa, akakaa tu, akaacha baridi imchukue.

Bi Doreen alipita nyumba kwa nyumba na mwalimu wa shule, aliyejua Kiingereza. Kwa Jelle alipewa chai na biskuti, akaambiwa hatukusikia kitu. Kwingine vile vile. Kwa Hessel mwalimu hakukusudia kumfikisha. Aliingia kununua mikunga, basi, na mgeni akamfuata. Marretje alikuwa akichuna ngozi za samaki. Mgeni akauliza swali lake, mwalimu akalitafsiri huku akitazama dari. Marretje akafuta mikono, akajibu. Jibu lilikuwa fupi, na Hessel, aliyesimama mlangoni na ndoo, alilisikia neno kwa neno. Mwalimu akatazama mlango kwanza. Lakini alitafsiri.

Bi Doreen alishika ukingo wa meza. Akauliza tena, kwa sauti ndogo, kama alipuliza muda mrefu.

"Mpaka mchana," Marretje akasema. "Alikuwa na mapafu mazuri."

Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima. Alimpa Marretje mkono, akaondoka, mkono ukinuka samaki.

Wiki ile ile Marretje alichukua lami ya kuzibia mashua na brashi, akapanda baiskeli, akaufunika mstari wa mwisho wa jiwe. Jelle akausafisha kwa mafuta ya taa. Marretje akaufunika tena. Wakaendelea hivyo miaka mingi, yeye akipaka, Jelle akisugua, mpaka jiwe likawa na kidonda upande wa chini.

Kijiji kilimlipiza. Hakuna aliyenunua tena samaki wa Hessel gatini. Marretje akawafunga kwenye baiskeli, akawauza bara kwa wakulima, kwenye mvua, kwenye theluji. Dukani wanawake walimsogelea kwa utani.

"Marretje, leo umesikia filimbi?"

"Nasikia tumbo lako, Aaltje. Kula kidogo, utatuamsha usiku."

Hessel aliwahi kumwuliza, "Ungenyamaza, tungekuwaje?"

"Tungekuwa wanene," Marretje akasema, akaendelea kufuma.

Hessel hakusema kamwe kwamba alikuwa upande wake. Hakuwa mtu wa kusema. Lakini asubuhi moja ya baridi kali Marretje alikuta kopo la lami juu ya jiko, limeshapashwa moto, na brashi imeoshwa. Hakuuliza nani ameliweka. Alimkata mumewe mkate mnene kuliko kawaida, basi.

Ndivyo walivyoishi. Sasa alikuwa kwenye jeneza, na hakukuwa na mabega.

Roelof, mume wa Hiltje, akaja na trekta na tela la viazi. Roelof alikuwa mkulima wa nchi mpya iliyokaushwa baharini, na shamba lake lilikuwa pale pale penye tope la zamani. Siku ya harusi Marretje alimwambia, "Unalima bahari yangu, kijana. Ukikuta nanga yetu, irudishe." Hakumpenda sana, na Roelof alilijua hilo, na alikuwa ameosha tela lile kwa brashi na sabuni mpaka vidole vikachubuka. Bado lilinuka udongo.

"Nisamehe, baba," akasema. "Sina kingine."

"Atalalamika," Hessel akasema. "Twende."

Wakampandisha watatu wao. Hessel akakaa juu ya tela, mkono juu ya mbao. Barabara ya makaburini hupita kwenye tuta, mbele ya jiwe. Pale walisimama wenye kofia nyeusi, majirani wote na wake zao, na Jelle katikati ya njia. Roelof akazima trekta. Upepo ulikuwa umefagia ukungu, bahari ilionekana mpaka mwisho.

"Hessel," Jelle akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya kanisani. "Usitutie aibu hii. Mwanamke wa Kolhoek kwenye tela la viazi! Baba zetu wangesemaje? Shuka. Tumbebe."

"Mbebeni."

"Neno lile kwanza. Mbele ya watu, liishe. Baba yangu hakuwa muuaji."

"Hakuna aliyesema ni muuaji."

"Yeye alisema! Alimwambia yule Mwingereza tuliwaacha wafe!"

"Ulikuwepo?"

Jelle akaizungusha kofia mikononi. Hessel akaona kwamba mtu huyu, aliyesugua jiwe miaka yote hiyo, hakuwahi kujua alichokuwa akikisugua. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza. Walijua tu kwamba Marretje amesema, wakachukia hapo hapo.

Aaltje wa dukani akapaza sauti kutoka nyuma. "Basi sema alisema nini, Hessel! Sema twende, tunaganda hapa!"

Hessel akashuka polepole kwenye tela, goti moja kisha la pili. Akasimama mbele ya jiwe. Hakuwa amezoea kusema mbele ya watu, na hakuinua sauti. Waliokuwa nyuma walilazimika kusogea.

"Hakusema labda. Wala hakusema muuaji," akasema. "Yule dada aliuliza kama tulisikia. Marretje alimwambia hivi: 'Tulisikia, mama. Tulidhani ni mtu wa kwetu, ndiyo maana hatukwenda.'"